Usisahau Kuja na Bicha

Swali mliloniuliza siku ya kuniaga ofisini, huku mkigombania keki, lilikuwa dogo: mtu akisafiri ng'ambo, kamera ainunue huku nyumbani au akainunue huko aendako? Nilijibu "huku" nikaendelea na soda yangu. Aliyeuliza hakuridhika, na ana haki. Sasa nina muda wa kulijibu vizuri. Nina muda mwingi kuliko niliouomba. Ila mimi sijui kueleza kamera bila kueleza nilivyoishi nayo, kwa hiyo mtanivumilia nianzie mbali.

Nilikuja Garissa kutoka Mwingi, msichana aliyeajiriwa kupiga picha katika ofisi ya habari ya serikali. Mwingi na Garissa ni barabara moja, lakini siku ya kuondoka mama yangu alinifungia kuku mzima na chupa ya maji ya baraka kutoka kanisani. Kuku alifika. Maji niliyamaliza kabla ya daraja la Tana, maana joto la huku halijali maji yamebarikiwa au la.

Mkuu wa wapiga picha alikuwa Bwana Otieno, mtu wa Kisumu, mfupi, mkali, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Otieno hakuwa na subira hiyo. Asubuhi ileile niliyoripoti kazini alinikabidhi brashi ya manyoya na kunionyesha kamera zilizopangwa mezani. "Hapa adui si giza," akaniambia. "Adui ni vumbi. Likikushinda, rudi kwenu ukalime." Nilipangusa kamera majuma mengi kabla ya kuruhusiwa kubonyeza. Alinifundisha nisibadilishe lenzi nikiwa nimeuelekea upepo, niifunge kamera kwa leso kisha niitie kwenye mfuko wa plastiki, na nisiiache kamwe kwenye kiti cha gari juani. Filamu tulizihifadhi ndani ya chungu kilichozikwa nusu mchangani nyuma ya ofisi, kando ya mtungi wa maji, zipate ubaridi. Wakubwa kutoka Nairobi walipotutembelea walidhani ni uganga.

Somo lake kubwa lilikuwa la macho kufungwa. Alinifunga kitambaa usoni, akanipa kamera na filamu, akaniamuru nipakie. "Kamera usiyoijua ukiwa kipofu hujaijua," alisema. Nilimchukia kwa sababu ya kitambaa kile. Lakini jibu la swali lenu linaanzia hapo: kamera ni kitu cha kuzoeana nacho, na mazoea hayauzwi uwanja wa ndege.

Safari yangu ya kwanza ya mbali ilikuwa Buna, kupiga picha za chanjo ya mifugo. Nilimwona ngamia jike mmoja, mrefu, mweupe, nikainua kamera. Mwenyewe akaja mbio na fimbo.

"Wewe mama! Toa hiyo bicha kwa ngamia yangu!"

Nikamwambia sijapiga picha bado, hii ni kamera tu.

"Bicha ni bicha. Umeangalia yeye na umenyamaza. Sema mashallah kwanza!"

Kumbe kukitazama kitu kizuri ukanyamaza ni kukipiga kijicho. Nikasema mashallah kwa lafudhi yangu ya Kikamba, yule mzee akacheka mpaka fimbo ikamwanguka, kisha yeye mwenyewe akamvuta ngamia akamsimamisha upande wenye mwanga. Tangu siku hiyo sikubonyeza bila neno hilo, aliye mbele yangu awe ngamia au mkuu wa mkoa.

Na kuna jambo jingine nililolipata Buna. Huku, herufi p hulainika ikawa b, na neno "bicha" hubeba mzigo wote. Picha ni bicha, kamera ni bicha, filamu ilikuwa bicha, na mimi mwenyewe nikawa Mama Bicha. Mwanzoni niliona ni kejeli. Mwanamke huitwa mama kwa jina la mtoto wake, na mimi mtoto sikuwa naye. Sikuja kumpata. Jina nikalizoea, kisha nikalipenda, kisha likawa ndilo jina la umama pekee nililo nalo. Kwetu Mwingi hakuna anayeniita mama.

Aliyelieneza jina hilo mjini ni Habiba. Alikuwa akiuza vitambaa na shela sokoni, rika langu, mtu ambaye ulimi wake haukai kitako. Siku moja aliingia ofisini, akampita Otieno kama anayepita kiti, akaja mezani kwangu.

"Abaayo, ni wewe unabiga bicha?" Abaayo kwa Kisomali ni dada. "Wanaume nimeona wengi. Mimi nataka mwanamke."

Binamu yake alikuwa ameolewa, na baada ya wiki kungekuwa na shaash saar, sherehe ambayo wanawake humfunga bibi harusi shaash, kitambaa cha kichwani, kuonyesha kwamba sasa ni mke wa mtu. Mwanamume hakanyagi pale. Wanawake huvua mabuibui, hufungua nywele, hujifukiza udi, huimba na kucheza mpaka sakafu inatetemeka. Picha za bwana harusi na wazee wake zilikuwa tele mjini. Furaha ile ya ndani haikuwa na hata moja, kwa sababu hapakuwa na mwanamke mwenye kamera.

Masharti aliyaweka Habiba, nami niliyafuata maisha yangu yote ya kazi. Filamu nitaiosha mwenyewe, peke yangu, mlango umefungwa. Picha na negativu zote nitazitia mkononi mwa bibi harusi. Kwangu hakibaki kitu.

"Macho haina bazia, abaayo," aliniambia. "Bazia ni wewe."

Otieno, pamoja na ukali wake, alinipa ufunguo wa chumba cha giza bila swali, akatoka kwenda kunywa chai. Baada ya harusi hiyo niliitwa kwenye nyingine, na nyingine, Garissa, Wajir, hata Bute. Ndiyo maana wachache wanaofika mlangoni kwangu hushangaa kuona kuta tupu. Picha bora nilizopiga maishani sina, na ninyi hamtaziona. Akiba haiozi, wanasema, lakini mimi kazi yangu ilikuwa kutojiwekea akiba. Msinihurumie kwa hilo.

Alipoolewa Habiba mwenyewe nilikuwa na hofu kuliko bibi harusi. Nilimkalisha karibu na dirisha, hina imepanda mpaka viwikoni, nywele zimeachiliwa mabegani. Alikuwa na mwanya kati ya meno ya mbele. Waswahili huuona mwanya ni uzuri, lakini yeye aliuonea haya, na kila akicheka aliuziba kwa kiganja. Nikainua kamera, nikasema mashallah kama kawaida yangu.

"Mimi ni ngamia?" akauliza, na akapasuka kicheko.

Mkono ulichelewa kupanda. Nilimwona akicheka waziwazi, uso wote, kisha kiganja chenye hina kikafunika. Shangazi zake wakamkemea kwamba bibi harusi hachekicheki ovyo. Akatulia, akafunga mdomo, akainamisha macho, nami nikabonyeza. Ilitoka picha nzuri sana. Nilimpa, pamoja na negativu yake.

Habiba alifariki kabla binti yake, Ifrah, hajaanza kutembea. Aliugua siku chache tu. Mimi nilikuwa Balambala kazini, na niliporudi alikuwa ameshazikwa, kwa kuwa desturi yao haicheleweshi maiti. Nilisimama mbele ya kibanda chake kilichofungwa, kamera begani, nisijue niende wapi. Sikuwa na rafiki mwingine katika mji huu. Niseme wazi, sikumpata mwingine hata leo.

Mtoto alichukuliwa na shangazi yake wa Bute. Nilimwona mara moja nilipopita huko kikazi. Alikuwa darasa la kwanza, meno ya mbele yameng'oka yote, na aliitazama kamera kuliko alivyonitazama mimi. Shangazi alinikaribisha chai ya maziwa ya ngamia, akaniambia kwamba picha za marehemu alizichoma zote, zisije zikaangukia macho ya wanaume. Alifanya hivyo kwa heshima ya Habiba. Nilimwambia amefanya vizuri, na nilimaanisha. Kisha nililia njia nzima mpaka Wajir, na dereva, mtu mwema, akaongeza sauti ya redio.

Miaka ya mwisho ya kazi mnaijua, mlikuwapo. Chungu cha filamu kilivunjika na hakuna aliyekikumbuka. Kamera zikawa za kadi. Simu zikaja, na kila binamu wa bibi harusi akawa mpiga picha. Katika shaash saar waliweka beseni mlangoni la kukusanyia simu, lakini haikosi moja ya kupenya, na penye simu iliyopenya hakuna haja ya kumlisha mama wa Kikamba mwenye magoti mabovu. Nikaacha kuitwa. Hakuna aliyenikosea. Siku ya kustaafu nilirudisha kamera ya ofisi stoo, mtunza stoo akaiweka kando ya feni mbovu, nami nikatoka nikitembea nimeinama upande mmoja kwa mazoea ya mzigo ambao haupo.

Baada ya hapo simu yangu ilikuwa ikilia kwa ujumbe wa kampuni ya simu tu. Na Ifrah. Yeye siku hizi anaishi Kanada, na namba yangu aliipata kwa shangazi yake. Huniita habaryar, yaani mama mdogo, na kila Idi hunitumia picha yake: koti kubwa, theluji nyuma, mdomo umefungwa kama watu wote wanaopigwa picha kwenye baridi. Majuzi ilikuja sauti yake badala ya picha.

"Habaryar, mimi naolewa. Tiketi tutatuma, ile mambo ya fisa tutasaidia. Lakini tafadhali, usisahau kuja na bicha. Hiyo ndio kitu kubwa."

Niliusikiliza ujumbe ule mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema. Kuna mtu ng'ambo anaihitaji kazi yangu. Anataka Mama Bicha aje na kamera. Ila kamera Mama Bicha hana.

Sasa nafika kwenye swali lenu. Jirani yangu, mwalimu kutoka Meru, alinishauri ninunue huko huko Kanada, kwa maana vitu hivyo huko ni bei ya kutupa. Inawezekana. Lakini fikirini: unashuka kwenye ndege umechoka, harusi i karibu, na mkononi una chombo kigeni ambacho hujui hata kinawashiwa wapi. Dhamana ya huko huishia huko. Chaja yake ina miguu isiyoingia kwenye soketi zetu. Hakuna mwenye akili anayevaa viatu vipya kwa safari ndefu.

Nairobi nako nilienda. Maduka yana vioo, na vijana waliovaa tai wanakuita madam, lakini hawakuruhusu utoe kamera nje ya mlango. Mimi kamera isiyoonja jua siinunui. Nikapanda basi nikarudi Garissa, kwa Abdi, anayeuza simu na redio sokoni, si mbali na kilipokuwa kibanda cha Habiba.

Bidhaa za Abdi hutoka Dubai. Kamera ya kwanza aliyonitolea ilikuwa na maandishi ya Kijapani matupu.

"Mama Bicha, kwani wewe nasoma? Wewe nabiga tu," akasema.

Ya pili ilikuwa na mikwaruzo kwenye lenzi. Ya tatu ilikuwa ya Kiingereza na safi. Basi fanyeni kama nilivyofanya. Nendeni na kadi yenu wenyewe. Pigeni picha ukuta mweupe, kisha ikuzeni mtafute madoa, maana vumbi huingia hata kamera ambayo haijauzwa. Wekeni lenzi sikioni mkiizungusha, na ikikwaruza, irudisheni. Mwisho nilifunga macho, nikatafuta kila kitufe kwa vidole.

"Mama, umelala?" Abdi akauliza.

"Nasoma," nikamwambia. "Na dhamana je?"

"Dhamana ni mimi. Mimi niko hapa kila siku, Ijumaa mchana tu niko msikitini. Tembea nayo kwa jua. Ikikataa, rudisha."

Dhamana bora kuliko hiyo sijaiona kwenye karatasi yoyote. Chukueni risiti na msafiri nayo, ili mkirudi forodhani msiambiwe kamera mmeinunua huko. Betri zikae kwenye mkoba wa mkononi. Boksi liacheni nyumbani, msije mkadhaniwa wafanyabiashara. Hilo ndilo jibu langu, na ningeweza kuishia hapo, kama Abdi hangeniuliza swali jingine wakati akifunga mzigo.

"Sasa kabla ya harusi utabiga nani?"

Nilimwambia nitaona. Kamera mpya hujaribiwa kwa nyuso za watu. Ukuta haukuambii rangi ya ngozi, na hausogei. Nilifika nyumbani, nikatazama huku na huku, nikatambua kwamba sina uso wa kupiga. Jirani mwalimu alikuwa likizo Meru. Nikapiga mtungi. Nikapiga mwarobaini wa uani na korongo waliotua juu ya paa la jirani. Nikapiga kiti cha pili pale mezani, ambacho tangu nihamie hakijakaliwa na mtu, na nikajisikia nikisema mashallah kwa kiti. Hapo niliiweka kamera chini. Upweke nilikuwa nikiujua, lakini sikuwahi kuuona ukiwa na rangi nzuri namna ile.

Nikampigia Ifrah, angalau nisikie sauti ya mtu.

"Ifrah, nimenunua bicha," nikamwambia. "Nzuri sana. Hata kwenye chumba chenye mwanga kidogo itafaa."

"Umenunua bicha?" akauliza. "Habaryar, bicha inanunuliwa aje?"

"Dukani kwa Abdi."

"Abdi iko na bicha ya mama yangu?"

Nilikaa kitandani. Miaka yote hiyo nimeliishi neno hilo, nimelivaa kama jina, na nilikuwa nimelisikia vibaya.

"Shangazi alisema ni wewe ulibiga siku ya shaash," akaendelea, haraka haraka. "Nikasema, Mama Bicha hawezi kukosa. Hata moja tu. Nataka kuweka hapo kwa kiti, karibu na mimi, mahali mama angekaa. Mimi niko na ile ya kitambulisho, lakini hiyo ni mtu amekasirika. Mimi sijawahi kuona mama akifurahi."

Nilimweleza. Nilimwambia masharti aliyoyaweka mama yake mwenyewe, na kwamba niliyatimiza, na kwamba sina. Sikuwa na namna laini ya kulisema. Sina picha, sina negativu, sina kitu.

"Haye," akasema. Ni kama kusema haya, basi. Nilisikia gari likipita huko kwao, na nilijua kwamba akikata simu sasa, hatutapata tena la kuambiana, na nitabaki na kamera na kile kiti.

"Ifrah, ngoja," nikasema. "Hiyo picha, hata kama ningekuwa nayo, isingekufaa. Mama yako hacheki ndani yake. Alicheka kabla sijabonyeza."

"Alicheka nini?"

"Alinicheka mimi. Nilimwambia mashallah, akaniuliza, 'Mimi ni ngamia?'"

Nikamweleza dirisha, na hina, na nywele, na shangazi waliokemea. Nikamweleza mwanya, na kwamba aliuonea haya bure. Na nilipokuwa nikiongea, zikanijia zile picha za Idi, moja baada ya nyingine, koti na theluji, na nikaona jambo ambalo mpiga picha wa umri wangu alipaswa kuliona zamani.

"Picha zako zote umefunga mdomo," nikamwambia. "Nilidhani ni baridi. Una mwanya hapo mbele, sivyo? Na ukicheka, unauziba kwa kiganja."

Nilibahatisha. Kisha sauti yake ikaja ikiwa imezibika, kama ya mtu aliyeweka mkono mdomoni.

"Habaryar," akasema, "nani alikuambia?"